Mwanangu huongea nami usiku tu, tukiwa mbele ya tamthilia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 43. Mume wangu alifariki mwaka juzi. Ilikuwa siku ya mapumziko, moyo ukamsumbua ghafla, na hadi anafikishwa hospitali alikuwa ameshakata roho. Mimi nilikuwa kazini na binti yangu mkubwa alikuwa chuoni. Aliyekuwa naye nyumbani ni kijana wetu wa mwisho, wakati huo ana miaka 13. Sasa ana 15.

Tangu msiba ule kijana huyu amekuwa mkimya kupita kiasi. Siyo kwamba hana adabu. Ukimtuma anakwenda, ukimuuliza anajibu, lakini jibu lenyewe ni "ndiyo", "sawa" au "sijui", kisha anaingia chumbani na mlango unafungwa. Nimemkalisha chini. Nimemwomba mjomba wake aongee naye. Nimemsihi dada yake awe anampigia simu. Wote wanarudi na "sawa" na "sijui" zilezile.

Mimi mwenyewe usingizi ulinihama. Nikawa nakaa sebuleni usiku natafuta cha kutazama, ilimradi saa zisogee. Ndipo nikaangukia tamthilia ya zamani ya Marekani iitwayo Heroes. Inahusu watu wa kawaida kabisa wanaogundua kwamba wana uwezo wa ajabu. Kuna karani wa Tokyo anayeitwa Hiro, anaweza kusimamisha muda na kusafiri kwenda nyuma au mbele. Kuna polisi anayesikia mawazo ya watu, muuguzi anayenasa uwezo wa kila mwenye uwezo anayekutana naye, na msichana wa shule ambaye hata akivunjika mifupa anajikung'uta na kuinuka. Usiku mmoja mwanangu alitoka kunywa maji, akasimama nyuma ya kochi. Akauliza, "Huyu naye anaweza nini?" Nikamweleza. Akakaa.

Shangazi, tangu hapo tunatazama pamoja, na mtoto anaongea! Anabishana nami nani ni mbaya na nani anaonewa. Ananiuliza ningepewa uwezo mmoja ningechagua upi. Anacheka, kicheko cha baba yake kabisa. Katikati ya hadithi anaweza kuchomeka jambo la shuleni, au la rafiki yake waliyekosana, mambo ambayo mchana hata ukimvuta kwa kamba hasemi.

Shida ni kwamba episodi moja haitoshi. Kila moja inaishia pabaya, na kabla hujashika rimoti nyingine imeshaanza. "Mama, moja tu ya mwisho." Na mimi ndiye wa kwanza kukubali, kwa sababu najua tukizima anarudi kwenye ukimya wake. Tunalala saa nane za usiku, saa tisa. Kuna siku kumepambazuka tuko palepale.

Sasa mwalimu wake wa darasa ameniita. Kijana analala darasani na alama zimeporomoka. Nilipomweleza kaka yangu, alikasirika sana. Alisema mtoto aliyefiwa na baba anahitaji kukazwa, siyo kujazwa hadithi za watu wanaoruka angani, na kwamba kama mimi siwezi kukata intaneti atakuja kuikata yeye. Binti yangu yeye anasema nisithubutu, mdogo wake amerudi, mengine yatajipanga.

Kuna jambo jingine linaloninyima raha. Kwenye msimu wa kwanza Hiro anarudi nyuma kumwokoa Charlie, mhudumu wa mgahawani aliyempenda, asiuawe. Anashindwa. Tena Charlie anamwambia ana damu iliyoganda kwenye ubongo, kwa hiyo siku zake zilikuwa zinahesabika hata kama asingeuawa. Mwanangu alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Angerudi mbali zaidi. Angerudi kabla hajaanza kuumwa." Sikujua la kusema, nikaacha episodi inayofuata ianze. Na kila tukirudia mchezo wetu wa kuchagua uwezo, yeye anachagua wa Hiro tu, hajawahi kutaja mwingine.

Tumemaliza msimu wa kwanza. Anataka tuanze wa pili mwisho wa wiki hii. Nikimkatalia ili shule yake ipone, nitampoteza tena. Nikikubali, namharibia masomo kwa mikono yangu. Na kusema kweli, mimi pia sitaki ziishe.

Nifanyeje?

Mama Asiyelala

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya msiba kwanza, kwa sababu miaka miwili siyo mingi, hasa kwa mtu aliyeipitisha akiwa macho.

Barua yako imeniweka kwenye njia panda uliyosimama wewe. Upande mmoja kuna usingizi wa mtoto na shule yake, upande mwingine kuna sauti yake, ambayo uliisubiri sana. Umeyaeleza kana kwamba kupata moja ni lazima kupoteza jingine. Naelewa kwa nini unaona hivyo. Lakini ukiniruhusu, ningependa tuyatazame upya mambo machache uliyoyachukulia kuwa yameshajulikana, maana sina hakika kwamba yamejulikana.

Nianze na sentensi uliyoipita haraka. Umesema aliyekuwa nyumbani na baba yake siku ile ni yeye. Umeiandika kama maelezo ya nani alikuwa wapi, ukaendelea. Mimi nilisimama hapo. Mtoto wa miaka 13 alikuwa peke yake na baba yake wakati moyo wa baba unasimama. Kisha, miaka miwili baadaye, anamwona mtu kwenye skrini anayeweza kurudisha siku nyuma na bado anashindwa kumwokoa anayempenda, na yeye anasema, "Angerudi kabla hajaanza kuumwa." Mwanangu, sidhani kama alikuwa anamzungumzia Charlie.

Watoto wanaoshuhudia kifo cha mzazi mara nyingi hubeba hesabu ya siri. Ningemwita jirani mapema. Ningekuwa sebuleni badala ya chumbani. Aliponiambia kifua kinamuuma ningempigia mama hapohapo. Mtu mzima anajua kwamba moyo ukisimama ghafla dakika huwa chache mno, na kwamba hata watu waliofunzwa wakiwa na vifaa mkononi hawafanikiwi kila mara. Mtoto hajui hilo. Anajua tu kwamba alikuwepo. Siwezi kusema kwamba mwanao anabeba mzigo huo, sijakutana naye. Ninachouliza ni hiki: je, kuna mtu amewahi kumuuliza kuhusu siku ile? Siyo "mbona umenyamaza", wala "jikaze", wala "shule inaendaje". Siku yenyewe, ilianzaje, nini kilitokea, nani alifika kwanza. Mjomba alipotumwa, alitumwa akaongee naye kuhusu nini? Inawezekana kabisa kwamba wote mliingia kwa mlango wa ukimya wake, wakati ukimya ni kifuniko tu.

Jambo la pili. Unaamini tamthilia ndiyo iliyomfungua mdomo, na kwamba ikizimwa mdomo utafungwa. Huenda ni kweli. Lakini tazama jinsi mnavyokaa. Mko bega kwa bega, hamtazamani usoni. Taa ni hafifu. Hakuna aliyemwita "njoo tuongee". Mnazungumza habari za watu wengine, na katikati yake anachomeka zake, akijua kwamba zikiwa nzito anaweza kurudi kwa Hiro bila aibu. Vijana wengi wa umri huo, wa kiume hasa, husema kweli wakiwa wamekaa hivyo, macho yote yakiwa kwenye kitu kingine. Kutembea pamoja usiku kuna hali hiyo. Kuosha vyombo wawili kuna hali hiyo. Safari ndefu garini pia. Sisemi hivyo kuidharau tamthilia yenu, la hasha, imefanya kazi ambayo watu wazima watatu walishindwa. Nasema hivyo ili usiamini kwamba sauti ya mtoto wako imo ndani ya rimoti.

Na la tatu, hili nalisema kwa upole kwa sababu linakugusa wewe. Usiku ule wa kwanza alitoka chumbani akamkuta nani? Alimkuta mama yake amekaa peke yake gizani, usiku wa manane, tena bila shaka haikuwa mara yake ya kwanza kuona mwanga chini ya mlango. Wewe unakesha ili usimpoteze. Sasa jaribu kufikiri kwamba na yeye anakesha ili usiwe peke yako. Ameshampoteza mzazi mmoja akiwa amelala au akiwa macho, hatujui, na mtoto wa namna hiyo anaweza kujipa zamu ya kumlinda aliyebaki bila kumwambia mtu. Kama ndivyo, "moja tu ya mwisho" ni maneno mnayoambiana nyote wawili, kila mmoja akidhani anamfanyia mwenzake hisani.

Kuhusu kaka yako. Ana hofu ya haki juu ya usingizi na shule, na ni vizuri mtoto ana mjomba anayejali kiasi cha kukasirika. Hapo kwenye "hadithi za watu wanaoruka angani" ndipo tunapoachana. Kijana wa miaka 15 anajua vizuri kwamba hakuna mtu anayeruka. Na mjomba angekaa na kutazama, angeona kwamba uwezo wao hauwaokoi na maisha. Matt, yule polisi, anasikia mawazo ya kila mtu na bado ndoa yake inapasuka mikononi, tena kusikia ndiko kunakompa habari za usaliti wa mkewe. Nathan, yule mwanasiasa, anaruka kuliko ndege na hana ujasiri wa kusema ukweli kuhusu jambo hilo hadharani. Hiro ana muda wote wa dunia na anamkosa Charlie. Hadithi za aina hii zinawapa watu wa kawaida uwezo mkubwa kisha zinawauliza kile ambacho hata uwezo huo haukigusi. Mtoto aliyefiwa anaweza kuwa amekuja kukaa hapo kwa sababu hiyohiyo. Kumkatia intaneti kwa nguvu, bila neno, kunaweza kumfundisha kwamba alipofungua kinywa alipokonywa kitu. Hiyo ndiyo hatari ya njia ya mjomba, hata kama usingizi utarudi kesho yake.

Lakini kuendelea kama mlivyo nako kuna gharama, na siwezi kuificha. Chama cha wataalamu wa tiba ya usingizi cha Marekani kinapendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Anayelala saa tisa za usiku na kuamka kwenda shule hapati hata nusu. Tena siyo saa tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwaangalia vijana 423 wa miaka 18 hadi 25, na ukaona kwamba wanaotazama mfululizo mara nyingi zaidi hulalamikia zaidi usingizi mbovu na uchovu, na kwamba sababu kubwa ilikuwa akili kubaki imechangamka baada ya kuzima. Yaani anafika kitandani, lakini Sylar, yule muuaji wa kwenye tamthilia, bado anamfukuza. Na kwa mwanao, baada ya Sylar kuna baba.

Hata hivyo, kabla hujaibebesha tamthilia lawama zote za kusinzia darasani, jiulize alikuwa analala saa ngapi kabla yake. Mlango ulikuwa umefungwa. Ukimya siyo usingizi. Wafiwa wengi, wadogo kwa wakubwa, hulala vibaya kwa muda mrefu. Muulize tu, kama mtu anayetaka kujua: "Zamani, kabla hatujaanza kutazama, ulikuwa unapata usingizi?" Jibu linaweza kubadilisha hata unachomwambia mwalimu.

Hizo "moja ya mwisho" nazo zisikufanye ujione mdhaifu. Heroes ilianza kurushwa Septemba 2006, wakati mtu alikuwa anangoja wiki nzima kuona kinachofuata. Kila episodi ilifungwa kwa tukio lililotengenezwa limshike mtazamaji siku 7, na maandishi ya kusema itaendelea yakitokea kwenye skrini. Leo tukio lilelile linafuatwa na episodi nyingine baada ya sekunde chache. Uzito wa kumshika mtu wiki nzima umewaangukia nyinyi wawili mara tatu, mara nne kwa usiku. Msimu wa kwanza una episodi 23 za takribani dakika 42, karibu saa 16, na ulikusudiwa ulishe watu kwa miezi.

Kwa hiyo kama utachagua kuendelea lakini kwa mwendo mwingine, ufundi fulani unasaidia. Zima ile hali ya episodi inayofuata kuanza yenyewe, huduma nyingi zina mahali pa kuizima kwenye mipangilio. Kisha acheni kusimama mwisho wa episodi, kwa sababu mwisho ndipo mnaponaswa. Simameni katikati, dakika kumi hivi baada ya episodi kuanza, mtego wa jana ukishafunguka na mpya haujategwa. Utashangaa jinsi kuzima kunavyokuwa rahisi. Na jambo hilo mlipange pamoja mchana, yeye ndiye awe mshika rimoti, siyo wewe kumtangazia sheria usiku akiwa amenogewa.

Saa za kutazama pia zinaweza kusogezwa hadi jioni. Hapa kuna hatari niliyoifikiria sana: huenda ni usiku wenyewe unaomlegeza, ile hali ya dunia nzima kulala. Ukihamishia jioni anaweza kukaa dakika arobaini bila kusema kitu, ukadhani umemrudisha kwenye "sawa" na "sijui". Usikate tamaa siku ya kwanza, wala usijaze ukimya huo kwa maswali. Mnaweza pia kuacha usiku mmoja wa mwisho wa wiki uwe mrefu kama zamani, ili asione kwamba kile kilichokuwa chenu kimechukuliwa chote. Ombi langu moja tu ni kwamba msiifanye tamthilia kuwa zawadi ya alama nzuri au adhabu ya alama mbaya. Mazungumzo na mama yasiingie kwenye biashara hiyo.

Sasa msimu wa pili. Nimeona nikwambie yaliyomo, hata kama nitakuharibia utamu, kwa sababu wewe ni mzazi kabla ya kuwa mtazamaji. Msimu huo ni mfupi, una episodi 11, kwa kuwa waandishi wa Marekani waligoma kuanzia Novemba 2007 na hadithi ikalazimika kufungwa kabla ya wakati. Katika episodi ya kwanza kabisa, Kaito, baba yake Hiro, anauawa. Na katika ile ya 9, Hiro anafanya kile mwanao anachokitamani kila mnapocheza mchezo wenu: anarudi nyuma kumchukua baba yake kabla hajafa. Baba anakataa kuokolewa. Anamwambia kwamba uwezo walio nao hauwapi ruhusa ya kujifanya Mungu. Wanakwenda pamoja mpaka kwenye mazishi ya mama yake Hiro ya miaka ya nyuma, na Hiro anajifunza kumwacha baba aende.

Ingekuwa hayo tu, ningesema huenda hakuna somo la maombolezo lililo bora kwa kijana wako. Lakini katika episodi hiyohiyo, baba mwingine, wa Claire, yule msichana anayepona, anapigwa risasi na kufa, na mwisho anafufuka kwa damu ya bintiye. Baba mmoja anabaki mauti, mwingine anaamka. Mtu mzima anaweza kuyapokea hayo kama mbinu ya mwandishi. Mtoto aliyekuwa peke yake na baba yake siku ile anaweza kusikia kitu kingine: mtoto mwenye uwezo alimrudisha wake, mimi sikuweza.

Una njia kadhaa. Unaweza kuitazama kwanza peke yako, ili ujue itakugonga wapi wewe, maana itakugonga. Unaweza kumwambia mapema: "Huko mbele Hiro anafiwa na baba yake. Unataka tuendelee, tungoje, au tuiruke?" Hilo linampa uamuzi, nami nalipenda kwa sababu msiba haukumpa uamuzi wowote. Hatari yake ni kwamba anaweza kusema "sawa" kwa kukulinda wewe. Unaweza pia kuiacha ije yenyewe na ukawa karibu. Wapo watoto ambao kuonywa kunawafanya wajikaze, na kitu kikiwajia bila onyo ndipo wanapolia kilio walichokiweka akiba. Wewe ndiye unayemjua. Vyovyote utakavyoamua, nisingependa itokee saa nane za usiku kuamkia siku ya shule, na nisingependa episodi ya 10 ianze mara tu ya 9 ikiisha. Hapo rimoti iwe mkononi.

Wala huna haja ya kungoja episodi ya 9. Mchezo wenu wa kuchagua uwezo tayari umekufikisha mlangoni. Safari ijayo akisema anataka wa Hiro, usimuulize kwa nini. Muulize, "Ungerudi siku gani?" Halafu nyamaza. Akitaja siku ya mechi fulani au siku ya mtihani, pokea, ni siku yake. Akitaja siku ile, usikimbilie kumwambia haikuwa kosa lake. Msikilize mpaka mwisho, hata kama anasimulia kwa kurudiarudia, umuulize alichoona na alichofanya. Baadaye ndipo umwambie unachokijua kuhusu moyo wa baba yake, na kama kuna daktari aliyempokea siku ile anayeweza kukueleza kwa lugha nyepesi, mtafute, kwa sababu watoto huamini maelezo yenye sababu kuliko faraja. Na mwambie wewe ungerudi siku gani. Sidhani kama amewahi kusikia.

Mwalimu naye anastahili kujua zaidi ya "tutarekebisha". Mweleze kwamba kijana alikuwa na baba yake dakika zile. Kama shule ina mshauri, au kama kuna mtu aliyesomea kuwasaidia watoto waliofiwa mnayeweza kumfikia, huu ni wakati mzuri wa kumwendea, akiwa ameanza kuongea. Huna haja ya kungoja mpaka mambo yaharibike. Lakini kama siku yoyote atasema kwamba ingekuwa afadhali angekufa yeye, au anataka kumfuata baba, au ukaona anagawa vitu vyake na kuaga aga, hapo usiandike barua. Usimwache peke yake, na mtafute mtaalamu siku hiyohiyo.

Halafu kuna wewe. Umesema hutaki ziishe, ukaweka nukta. Zipo misimu mitatu mbele, kwa hiyo hazijaisha. Lakini hukulala kabla ya Heroes na hutalala baada yake kama hakuna anayekuuliza habari zako. Ulikuwa kazini siku ile, na nashuku nawe una hesabu yako ya siri juu ya hilo. Miaka miwili ya kukosa usingizi ni jambo la kumpelekea daktari, kama ambavyo ungepeleka maumivu ya mgongo. Binti yako ni mtu mzima sasa, anaweza kukupigia wewe simu, siyo mdogo wake tu. Na kaka yako, badala ya kuja kukata intaneti, mwombe aje akae nanyi jioni moja atazame. Msimweleze lolote kabla. Mwache kijana amweleze nani ni nani na nani anaweza nini.

Utakaponiandikia tena, na naomba uniandikie, nieleze kwanza wewe umelalaje.

Shangazi